Mifumo ya kitaifa ya viwango vya sataranji

Mifumo ya kitaifa ya viwango vya sataranji ni taratibu za kihesabu ambazo mashirikisho ya nchi mbalimbali hutumia kukadiria uwezo wa wachezaji wao wa sataranji (mchezo unaoitwa pia chesi). Kila mchezaji hupewa namba inayoitwa kiwango. Kiwango hupanda mchezaji anapofanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na hushuka anapofanya vibaya. Pamoja na mifumo ya kitaifa upo mfumo wa kimataifa unaoendeshwa na FIDE, yaani Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, lililoanzishwa Paris mwaka 1924.

Viwango hutumika kupanga nani acheze na nani katika mashindano, kuwagawa washiriki katika madaraja ya zawadi, kuteua timu za taifa na kutoa vyeo. Kwa hiyo namba hiyo inaweza kumfungulia mchezaji mlango au kumfungia. Hata hivyo kiwango si kipimo kama mita au kilo. Huonyesha tu uhusiano wa mchezaji na wenzake waliocheza ndani ya mfumo uleule. Ndiyo maana kiwango cha 1800 katika nchi moja si lazima kilingane na 1800 katika nchi nyingine.

Mfano wa shule unasaidia kulielewa jambo hili. Mwanafunzi wa kwanza katika darasa la shule moja na mwanafunzi wa kwanza katika shule ya jirani wote ni wa kwanza, lakini hatuwezi kujua nani anamzidi mwenzake mpaka wafanye mtihani mmoja. Katika sataranji, mtihani huo wa pamoja ni michezo inayochezwa kati ya wachezaji wa mifumo miwili.

## Historia

Kabla ya katikati ya karne ya 20 uwezo wa mchezaji ulipimwa kwa sifa na kwa ushindi katika mashindano makubwa. Njia hiyo iliwafaa mabingwa, lakini haikusema lolote kuhusu maelfu ya wachezaji wa klabu.

Mfumo wa Ingo ulitungwa na Mjerumani Anton Hoesslinger mwaka 1948, nao ulipata jina lake kutoka mji wa Ingolstadt. Katika mfumo huo namba ndogo ndiyo iliyokuwa bora, kama nafasi katika mbio.

Nchini Marekani, Kenneth Harkness alianzisha mfumo uliotumiwa na shirikisho la nchi hiyo (USCF) tangu mwaka 1950. Kanuni yake ilikuwa rahisi: aliyepata nusu ya pointi zote katika mashindano alipewa wastani wa viwango vya wapinzani wake, na kwa kila asilimia moja juu ya 50 aliongezewa alama 10. Aliyepata asilimia 60 dhidi ya wapinzani wenye wastani wa 1700 alihesabiwa kuwa amecheza kwa kiwango cha 1800. Aliyepata chini ya nusu alipunguziwa kwa njia hiyohiyo.

Nchini Uingereza, Richard Clarke alitunga mfumo wa namba za tarakimu tatu ambao ulianza kutumika katika miaka ya 1950 na kudumu kwa zaidi ya miaka 60.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Arpad Elo (1903–1992), mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani akiwa mtoto na baadaye kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee. Elo alihifadhi namba ambazo Wamarekani walikuwa wamezizoea, lakini aliziweka juu ya msingi wa takwimu na uwezekano. USCF iliukubali mfumo wake mwaka 1960, na FIDE mwaka 1970. Neno "Elo" basi ni jina la mtu. Si kifupisho cha maneno fulani.

## Jinsi mfumo wa Elo unavyofanya kazi

### Pointi tarajiwa

Katika sataranji ushindi ni pointi 1, sare ni nusu pointi na kushindwa ni 0. Mfumo wa Elo huanza kwa kuuliza: mchezaji huyu, akicheza na mpinzani huyu mara nyingi, atapata wastani wa pointi ngapi kwa mchezo mmoja? Jibu lake huitwa pointi tarajiwa, na hutegemea tofauti ya viwango peke yake. Kama A ni kiwango cha mchezaji na B ni cha mpinzani, pointi tarajiwa (T) za mchezaji ni:

T = 1 ÷ (1 + 10^((B − A) ÷ 400))

Kwa kanuni hiyo tunapata matokeo yafuatayo kwa mchezaji mwenye kiwango cha juu:

- tofauti ya 0: pointi tarajiwa 0.50
- tofauti ya 100: pointi tarajiwa 0.64
- tofauti ya 200: pointi tarajiwa 0.76
- tofauti ya 400: pointi tarajiwa 0.91

FIDE hutumia jedwali lililokokotolewa kwa njia inayokaribiana sana na hiyo. Ikumbukwe kwamba tofauti ya 200 ina maana ileile kati ya 1200 na 1400 kama ilivyo kati ya 2400 na 2600. Kama kila mchezaji wa dunia angeongezewa alama 1000 usiku mmoja, hakuna utabiri wowote ambao ungebadilika. Mfumo hausemi 1500 ni "uwezo kiasi gani". Husema tu mwenye 1500 atafanyaje dhidi ya mwenye 1600 au 1400.

### Kubadilisha kiwango

Baada ya mchezo, pointi tarajiwa huondolewa kutoka pointi zilizopatikana, na jibu huzidishwa kwa namba inayoitwa kizidishi K.

Tuseme Asha ana kiwango cha 1600, Juma ana 1800, na wote wana K ya 20. Pointi tarajiwa za Asha ni 0.24. Kwa hiyo:

- Asha akishinda: 20 × (1 − 0.24) = anaongeza alama 15.2
- wakitoka sare: 20 × (0.5 − 0.24) = anaongeza alama 5.2
- akishindwa: 20 × (0 − 0.24) = anapunguziwa alama 4.8

Alama anazopata Asha ndizo anazopoteza Juma. Sare, ambayo kwa Asha ni faida, kwa Juma ni hasara.

### Kizidishi K

Kizidishi K huamua kasi ya mabadiliko. K kubwa humfaa mchezaji anayebadilika haraka. K ndogo hulinda kiwango kilichojengwa kwa michezo mingi. FIDE hutumia:

- 40 kwa mchezaji mpya mpaka akamilishe michezo 30
- 40 kwa wenye umri chini ya miaka 18 ambao kiwango chao hakijafika 2300
- 20 kwa wengine ambao hawajawahi kufika 2400
- 10 kwa aliyewahi kufika 2400, hata kama baadaye ameshuka

Kama Asha ni msichana wa miaka 15 mwenye K ya 40, akimshinda Juma anapata alama 30.4, ilhali Juma anapoteza 15.2 tu. Kwa njia hiyo alama 15.2 mpya zimeingia katika mfumo. Umuhimu wa jambo hili utaonekana hapa chini.

### Mchezaji mpya

Katika FIDE mchezaji mpya anatakiwa kucheza angalau michezo 5 na wapinzani wenye viwango. Tangu Machi 2024 michezo yake huongezewa miwili ya kufikirika: huhesabiwa kana kwamba ametoka sare na wapinzani wawili wenye 1800. Tuseme amecheza na watu watano wenye wastani wa 1600 na kupata pointi 2.5. Kwa hesabu ana pointi 3.5 katika michezo 7, na wastani wa wapinzani unakuwa (5 × 1600 + 2 × 1800) ÷ 7 = 1657. Kwa kuwa amepata nusu ya pointi zote, anaanza na 1657. Asiyefika 1400 hubaki bila kiwango cha FIDE.

## Mifumo ya baadhi ya nchi

### Marekani

Mfumo wa USCF ni wa ukoo wa Elo, lakini umefanyiwa marekebisho mengi, hasa na mtakwimu Mark Glickman. Kwanza, K haina namba chache maalumu, bali hukokotolewa kwa kila mchezaji kufuatana na kiwango chake na idadi ya michezo. Pili, anayefanya vizuri mno kuliko matarajio hupewa alama za nyongeza, ili kijana anayekua haraka asiendelee kuwaadhibu wapinzani wake kwa kiwango cha chini kisicho chake. Tatu, viwango huanzia chini kabisa, kwenye 100, hivyo watoto wa shule za msingi nao wamo katika orodha.

Nne, kuna sakafu ya kiwango. Kwa kawaida mchezaji hawezi kushuka zaidi ya alama 200 chini ya kilele chake, na namba inayopatikana hupunguzwa hadi mia kamili. Aliyewahi kufika 1941 ana sakafu ya 1700. Lengo ni kuzuia watu kushindwa kwa makusudi ili waingie katika daraja la chini na kuchukua zawadi za fedha. Hata hivyo sakafu ina gharama yake: mzee ambaye uwezo wake umepungua hubaki na kiwango kisichomwakilisha tena, na wanaomshinda hupata alama zaidi ya wanazostahili.

### Ujerumani

Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, mfumo wa Ingo wa Magharibi na mfumo uliokuwa ukitumika Mashariki vilibadilishwa na mfumo mmoja unaoitwa DWZ. Ingo ilibadilishwa kwa kanuni hii: DWZ = 2840 − 8 × Ingo. Mwenye Ingo 130 alipata 1800, na mwenye Ingo 80, ambaye ni bora zaidi, alipata 2200.

Katika DWZ umri huingia moja kwa moja katika hesabu. Kiwango hugawanywa kwa 1000, kisha jibu huchukuliwa katika kipeo cha nne na kuongezwa 5 kwa vijana wa hadi miaka 20, 10 kwa wenye miaka 21 hadi 25, au 15 kwa waliozidi miaka 25. Namba inayopatikana huitwa E. Mabadiliko ya kiwango ni 800 ÷ (E + idadi ya michezo), yakizidishwa kwa tofauti ya pointi zilizopatikana na zilizotarajiwa. Kijana anayefanya vizuri kuliko matarajio hupunguziwa E zaidi, ili apande haraka.

### Uingereza

Katika mfumo wa Clarke hesabu ingeweza kufanywa hata kwa kalamu na karatasi. Aliyemshinda mpinzani alihesabiwa kiwango cha mpinzani huyo kuongeza 50. Akitoka sare alihesabiwa kiwango kilekile cha mpinzani. Akishindwa, kiwango hicho kutoa 50. Wastani wa michezo yote ya msimu ndio uliokuwa kiwango kipya. Mpinzani aliyepitana na mchezaji kwa zaidi ya 40 alihesabiwa kana kwamba tofauti ni 40. Bila sharti hilo, mwenye 160 akimshinda mwenye 100 angehesabiwa 150 na kushuka ilhali ameshinda. Kwa sharti hilo mpinzani anahesabiwa 120, na mshindi anapata 170.

Udhaifu wa mfumo ulikuwa kwamba haukukumbuka yaliyopita vya kutosha, na kwa miaka mingi orodha ilitolewa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka 2020 shirikisho la Uingereza (ECF) lilihamia namba za tarakimu nne za aina ya Elo zinazotolewa kila mwezi. Kanuni ya kubadilisha ilikuwa: kiwango kipya = 7.5 × kiwango cha zamani + 700. Mwenye 160 akawa na 1900. Uskoti ina mfumo wake tofauti.

### Australia

Australia hutumia mfumo wa ukoo wa Glicko, uliobuniwa na Mark Glickman katika miaka ya 1990. Katika Glicko kila mchezaji ana namba mbili: kiwango, na kiasi cha mashaka kuhusu kiwango hicho. Mchezaji mwenye 1500 na mashaka ya 50 anakadiriwa, kwa uhakika wa asilimia 95, kuwa kati ya 1400 na 1600 hivi. Asipocheza muda mrefu mashaka huongezeka, na akirudi kiwango chake hubadilika haraka zaidi. Katika Elo ya kawaida, aliyekaa miaka kumi bila kugusa kete huaminiwa sawa na aliyecheza jana.

### Nchi zinazotegemea FIDE

Nchi nyingi, ikiwemo India, hutegemea viwango vya FIDE kwa mashindano yao. Faida yake ni kuwa na namba moja inayoeleweka kila mahali. Hasara yake ni kwamba mashindano lazima yatimize masharti ya FIDE, na mchezaji anayeanza, ambaye hajafika 1400, hana namba ya kupimia maendeleo yake.

## Matokeo yaleyale katika mifumo mitatu

Chukua mtu wa miaka 30 mwenye kiwango cha 1600 aliyecheza michezo 5 na kupata pointi moja zaidi ya alizotarajiwa.

- FIDE: 20 × 1 = anaongeza alama 20.
- Ujerumani: kipeo cha nne cha 1.6 ni 6.55; ukiongeza 15 unapata 22 hivi; 800 ÷ (22 + 5) = anaongeza alama 30 hivi.
- Marekani: K yake kwa michezo hiyo ni 35 hivi, kwa hiyo anaongeza alama 35 hivi, mbali na nyongeza kama inamhusu.

Kama angekuwa na miaka 16, FIDE ingempa 40. Ujerumani ingempa angalau 47 hata kabla ya kuhesabu lile punguzo la vijana. Mchezaji ni yuleyule, michezo ni ileile, lakini namba zinatofautiana. Hakuna mfumo kati ya hii uliokosea. Kila mmoja umechagua kivyake kati ya utulivu na kasi.

## Kuporomoka na kufumuka kwa viwango

Kwa kuwa alama za mshindi hutoka kwa aliyeshindwa, mfumo wa Elo unafanana na chungu kimoja ambacho wote huchota. Mtu akiingia na 1400, akajifunza na kufika 1900, kisha akaacha kucheza, ameondoka na alama 500 zilizotoka kwa wenzake. Wengi wakifanya hivyo, viwango vya waliobaki hushuka bila uwezo wao kupungua. Hali hiyo huitwa kuporomoka kwa viwango. Kinyume chake, K kubwa za vijana, alama za nyongeza na sakafu huingiza alama mpya, na zikizidi viwango hufumuka.

Uingereza ililazimika kurekebisha viwango mwaka 2009, kwa sababu vya wachezaji wa chini vilikuwa vimeporomoka. FIDE ilifanya hivyo Machi 2024. Kila mwenye kiwango chini ya 2000 aliongezewa asilimia 40 ya tofauti kati ya kiwango chake na 2000: mwenye 1900 akawa na 1940, mwenye 1500 akawa na 1700, na mwenye 1000 akawa na 1400. Kwa hiyo 1500 ya Februari 2024 na 1500 ya Aprili 2024 si kitu kimoja, ingawa zimetolewa na shirikisho lilelile. Anayesoma orodha ya viwango lazima ajue pia ni ya mwaka gani.

Kwa sababu hiyohiyo haifai kumlinganisha Bobby Fischer, aliyefika 2785 mwaka 1972, na Magnus Carlsen, aliyefika 2882 mwaka 2014, kwa kutoa namba moja kutoka nyingine. Kila mmoja alipimwa dhidi ya watu wa wakati wake.

## Makundi yaliyofungwa

Mfumo wowote huharibika kundi la wachezaji linapocheza lenyewe kwa lenyewe bila kukutana na wengine.

Mfano unaojulikana sana ni wa Claude Bloodgood, mfungwa katika jimbo la Virginia, Marekani. Alicheza michezo mingi mno dhidi ya wafungwa wenzake, na katika miaka ya 1990 kiwango chake cha USCF kilipita 2700, kikamweka miongoni mwa walio juu kabisa nchini humo. Hakuwa amemshinda hata mmoja wa mabingwa wa taifa. Alama zilikuwa zikizunguka ndani ya kuta za gereza na kuishia kwake. Baada ya hapo shirikisho lilibadilisha kanuni zake kuhusu makundi ya namna hiyo.

Mfano wa pili ulihusu mashindano ya wanawake. Katika miaka ya 1980 wanawake wengi walicheza zaidi wao kwa wao, na FIDE iliona kwamba viwango vyao vilikuwa chini ikilinganishwa na vya wanaume. Katika orodha ya Januari 1987 wanawake wote waliokuwa wakishiriki waliongezewa alama 100, isipokuwa Susan Polgar wa Hungaria, kwa hoja kwamba yeye alikuwa amepata kiwango chake kwa kucheza na wanaume. Kwa uamuzi huo Polgar aliondolewa nafasi ya kwanza katika orodha ya wanawake bila kupoteza mchezo wowote. Hoja ya kihesabu kuhusu makundi mawili ilikuwa na msingi, lakini dawa iliyotumika ililalamikiwa sana. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kurekebisha viwango ni kugusa maisha ya watu.

## Kulinganisha mifumo

Njia ya kawaida ya kulinganisha mifumo miwili ni kuwachukua watu wenye viwango katika yote miwili, kuweka namba zao kwenye grafu na kutafuta mstari unaozipitia vizuri zaidi. Kanuni ya Uingereza ya 7.5 na 700 ni ya mstari wa namna hiyo. Kwa miaka mingi wachezaji wa Marekani kwa kawaida walikuwa na namba ya USCF kubwa kuliko ya FIDE, mara nyingi kwa makumi ya alama.

Njia hiyo ina mipaka mitatu.

Kwanza, wenye viwango viwili si mfano wa wachezaji wote. Mara nyingi ni wenye uwezo zaidi au wenye nauli ya kusafiri. Mstari unaowafaa hao huenda usimfae anayeanza.

Pili, maumbo ya mifumo hayalingani. Katika mfumo wa Clarke kila alama moja ya tofauti ni asilimia moja ya matarajio: tofauti ya 20 ni asilimia 70, na ya 40 ni asilimia 90. Kwa kanuni ya 7.5, tofauti ya 20 inakuwa 150 za Elo, ambazo hutoa asilimia 70. Hapo mifumo inakubaliana. Lakini tofauti ya 40 inakuwa 300, ambazo hutoa asilimia 85 tu. Hakuna mstari mmoja ulionyooka unaoweza kuondoa tofauti hiyo.

Tatu, ulinganisho huzeeka. Majedwali yaliyotengenezwa kabla ya Machi 2024 hayafai tena kwa viwango vya FIDE vilivyo chini ya 2000.

Viwango vya tovuti za kuchezea kwenye intaneti navyo ni mifumo inayojitegemea. Lichess hutumia Glicko-2 na humwanzisha kila mgeni kwa 1500, nayo Chess.com hutumia Glicko. Wachezaji wake, muda wa mchezo na namba za kuanzia ni tofauti, kwa hiyo mwenye 1800 katika tovuti hana haki ya kujiita mchezaji wa 1800 wa FIDE. FIDE yenyewe ina orodha tatu tofauti, kwa michezo ya muda mrefu, ya haraka na ya kasi sana, na mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu zisizofanana.

## Viwango na vyeo

Nchini Marekani anayefika 2200 huitwa masta wa taifa. Katika FIDE, 2200 humwezesha mchezaji kuomba cheo cha masta mtarajiwa (CM), na 2300 cheo cha masta wa FIDE (FM). Masta wa kimataifa (IM) huhitaji 2400 na grandimasta (GM) 2500, pamoja na matokeo ya juu katika mashindano yaliyoidhinishwa. Kwa vyeo vya wanawake, WCM huhitaji 2000 na WFM 2100.

Vyeo vingine hupatikana kwa matokeo ya moja kwa moja bila kufikisha kiwango, na njia hii ina maana kubwa kwa Afrika Mashariki. Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama wa FIDE, lakini mchezaji anayekutana na wapinzani walewale wa nyumbani huwa katika hali inayokaribia kundi lililofungwa: akiboreka pamoja na wenzake wote, namba zao hazipandi, kwa kuwa hakuna alama zinazotoka nje. Phiona Mutesi, aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, alipata cheo cha WCM kwa matokeo yake katika Olimpiadi ya Sataranji ya Istanbul mwaka 2012, si kwa kufikisha 2000. Michezo ya Olimpiadi na ya mashindano ya bara ndiyo inayounganisha kundi la nyumbani na la dunia, na kila mchezaji anayerudi na alama alizopata huko huzisambaza kwa wenzake anapocheza nao.

## Makosa ya kawaida katika kusoma viwango

- Kudhani kwamba tofauti ndogo ina maana. Kati ya 1610 na 1640, pointi tarajiwa ni 0.46 na 0.54, mchezo mmoja hauwezi kuonyesha tofauti hiyo.
- Kulinganisha namba za mifumo miwili bila kujua kila moja imetoka wapi na lini.
- Kuamini kiwango cha aliyecheza michezo michache sawa na cha aliyecheza mamia.
- Kumpima mtoto kwa namba ya mwaka jana. Kiwango husema yaliyopita, na mtoto hukua haraka kuliko orodha.
- Kuacha kucheza ili kulinda kiwango. Namba isiyochezewa haithibitishi uwezo wa sasa, na kwa mifumo kama Glicko huhesabiwa wazi kuwa yenye mashaka.